Kikombe cha Wageni

Uwanja wa Karavani wa Mill Lane, Na. 6
Kent
3 Machi 2023

Kwako Bi. D. Harcourt, Afisa Probesheni,

Nakuandikia barua kwa sababu simu yenu nimeichoka. Jana nimesikilizishwa muziki dakika arobaini, kisha ikakatika. Na hata mkipokea, tunachosema kwa mdomo kikifika kwenye mafaili yenu huwa kimeshageuka kitu kingine. Hii karatasi iweke kama ilivyo.

Mimi ni Mizelli Penfold, dada yake Leander. Unanijua. Tarehe 24 Januari ulikaa kwenye karavani yangu, ukanywa chai yangu, ukatupa pole ya msiba.

Leander ana miaka thelathini na minne. Alimvunja mtu taya kwenye baa, akafungwa, na tangu Oktoba yuko nje chini ya uangalizi wako. Simtetei. Taya ya mtu ni taya ya mtu. Lakini aliyerudi si yule aliyekwenda. Halali usingizi. Mlango wa gari ukibamizwa anajikunyata. Novemba mkewe, Sinfi, alimkuta kwenye banda la farasi amekaa chini, kamba mapajani, analia. Sinfi aliichukua ile kamba na mpaka leo anaificha. Wiki iliyofuata Leander alikuja ofisini kwako kwa miguu yake akasema, "Nisaidieni, kichwa changu hakiko sawa." Mwanamume wa Kijipsi, Bi. Harcourt! Sijawahi kumsikia mjomba wangu hata mmoja akitamka maneno hayo. Wawili kati yao tuliwazika kabla hawajafika miaka hamsini, na sote tulijua kwa nini, tukanyamaza.

Ukampeleka kliniki. Akasubiri miezi mitatu. Katikati ya kusubiri, baba akafariki.

Baada ya mazishi tulifanya inavyopasa. Vyombo vyake tulivivunja kwa nyundo, na karavani yake, nyumba yake ya magurudumu, Leander aliichoma moto, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Ilikuwa mchana, kwenye shamba la nyuma, mwenye shamba akiwa ametupa ruhusa. Tuliwapigia zimamoto mapema. Wakaleta gari lao likasimama pembeni, na mmoja wao akavua kofia. Kitanda cha marehemu wetu hatukilali, hatukiuzi, hatukigombanii. Siku ile Leander alilala saa saba mfululizo.

Tarehe 21 Februari kliniki wakamwita. Wakamwambia awe muwazi. Akawa muwazi, maskini wa Mungu. Akawasimulia alivyomchomea baba karavani yake. Alidhani wakisikia hivyo watajua kwamba ni mtu mwenye heshima zake.

Majibu yamekuja jana. Kliniki haipokei mtu mwenye historia ya kuchoma moto. Ripoti nimeisoma mara nne. Wameandika: "Alikataa chai, haamini wahudumu." Chai hakunywa kwa sababu aliona vikombe vyao vinaoshwa kwenye sinki ileile wanayonawia mikono, na kwetu hiyo ni mokadi, uchafu usiotoka kwa sabuni. Wameandika: "Aliulizwa jina la baba yake mara tatu, akakataa, hatoi ushirikiano." Majina ya wafu wetu hatuyataji. Ningekuwepo, na mimi nisingelitaja.

Nataka kitu kimoja tu. Waandikie. Waambie kwamba ule haukuwa uhalifu, ulikuwa msiba. Waambie wampokee kabla Sinfi hajachoka kuficha kamba.

Mizelli Penfold


Ofisi ya Probesheni
Kumb. Na. PR/LP/0447
10 Machi 2023

Bi. M. Penfold,

YAH: LEANDER PENFOLD – MABADILIKO YA MASHARTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 3 Machi, ambayo imepokewa na kuwekwa kwenye jalada.

Uamuzi wa kliniki ni wa kliniki yenyewe, na ofisi hii haina mamlaka ya kuuingilia. Hata hivyo, kufuatia ripoti yao, ofisi hii imelazimika kupitia upya fomu ya tathmini. Kipengele cha moto kimejazwa, na kwa sababu hiyo kiwango cha hatari cha ndugu yako kimepanda kutoka cha kati hadi cha juu.

Kwa mujibu wa utaratibu, mtu mwenye kiwango hicho hatakiwi kuishi kwenye makazi yenye mitungi ya gesi na watoto wadogo. Ndugu yako anaelekezwa kuhamia hosteli iliyoidhinishwa mjini ifikapo tarehe 17 Machi, hadi hapo tathmini nyingine itakapofanyika. Kukosa anwani iliyoidhinishwa ni kuvunja masharti.

Ofisi inatambua kwamba utaratibu huu unaweza kuleta usumbufu kwa familia, hasa katika kipindi hiki ambacho bado mnamwomboleza marehemu baba yenu.

Nakutakia siku njema.

D. Harcourt
Afisa Probesheni

N.B. (kwa mkono): Mwambie Sinfi asiitupe ile kamba jalalani, Leander ataiona. Aikate vipande.


Mill Lane, Na. 6
20 Machi 2023

Bi. Harcourt,

Usumbufu! Ngoja nikueleze huo usumbufu.

Ijumaa tarehe 17 Leander alifungasha nguo zake kwenye mfuko wa michezo wa mwanawe, akawaaga watoto, akaenda hosteli kama ulivyomwamuru. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari. Mapokezi palikuwa na kijana mwenye kompyuta. Akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Samahani, kaka, humu hatupokei watu wa moto." Nikamwambia, "Probesheni ndio waliomleta!" Akasema, "Ndiyo, dada, lakini probesheni ndio walioandika moto."

Umeelewa? Hawezi kukaa kwake kwa sababu ya moto. Hawezi kukaa hosteli kwa sababu ya moto. Hawezi kukaa popote, kwa hiyo hana anwani, kwa hiyo amevunja masharti. Mmempiga danadana mpaka mpira ukaingia kwenye lango lenu wenyewe, na bado aliyefungwa ni yeye.

Nikamrudisha nyumbani, na saa kumi jioni ile nikakupigia. Muziki.

Jana Jumapili ilikuwa siku ya akina mama. Sinfi alikuwa ameoka keki, watoto wamemchorea kadi. Tuko mezani, polisi wawili wakaingia na viatu vyao mpaka kwenye zulia. Leander hakubisha. Alinyoosha mikono tu, na hicho ndicho kilichoniuma, maana kaka yangu wa zamani angebisha hata kama amekosea. Mwanawe wa miaka sita alimuuliza polisi, "Baba amefanya nini?" Polisi akasema, "Hana mahali pa kukaa." Mtoto akatazama karavani nzima, akatutazama sisi, akatazama kiti cha baba yake.

Hapa uwanjani namba kumi na moja kuna mama alimzika mwanawe miaka minne iliyopita. Naye kijana alikuwa chini ya probesheni, naye alikataliwa kliniki. Hakuna aliyemwambia sababu. Mama yule jana alikuja kwangu, akakaa, akashika mkono wa Sinfi mpaka chai ikapoa.

Sitaki barua nyingine yenye kumbukumbu namba. Nataka jibu la mtu.

Mizelli


Gerezani
26 Machi 2023

Dada Mizelli,

Salaam nyingi. Barua hii naitamka mimi, anaiandika Anwar, mwenzangu wa chumba. Anwar ana mwandiko mzuri kama wa daktari asiyekuwa na haraka.

Mimi ni mzima. Usiwe na wasiwasi. Chakula ni kilekile cha zamani. Nimepewa kitanda cha juu, na dirishani naona mti mmoja na nusu ya mwingine. Mwambie Sinfi farasi mdogo apelekwe kwa Noah akatengenezwe kwato, si kwa yule mlevi. Waambie watoto baba yuko kazini.

Usigombane sana na watu wa ofisi. Nakujua. Ukigombana wanaandika.

Nalala vizuri.

Ndugu yako,
Leander

Dada, ni mimi Anwar Miah, ninayeandika. Leander hajui kusoma, kwa hiyo haya hayaoni. Nisamehe kwa kuingilia mambo ya familia yenu. Amesema niandike kwamba analala na anakula. Hajala siku nne. Usiku anasimama mlangoni mpaka asubuhi. Nimeomba aitwe nesi wa afya ya akili, wameniambia jalada lake lina alama, inabidi waje watu wawili na wawili hawapo. Kwetu Sylhet, Bangladesh, mjomba wangu alikuwa hivi, na nyumbani tuliambizana ni jini. Halikuwa jini. Fanya haraka.


Mill Lane, Na. 6
30 Machi 2023

Kwako wewe unayejiita D. Harcourt,

Nakuambatishia nakala ya barua ya ndugu yangu. Isome mpaka chini, alipoandika Anwar.

Ukishamaliza, kaa kitako, maana sasa nazungumza na wewe.

Tangu niisome sijalala, na mtu asipolala hukumbuka vitu. Nimekumbuka tarehe 24 Januari. Ulikuja na koti lako la kijivu. Nilikuchemshia chai, simu ikalia, nikatoka nje kuongea. Niliporudi ulikuwa umeosha kikombe chako. Kwenye kaunta yangu pana mabeseni mawili, la chuma ni la vyombo, la plastiki ni la kunawia. Kila gorja anayeingia humu, yaani kila mtu asiye wa kwetu, akitaka kunisaidia anaosha kikombe kwenye beseni la plastiki, kwa sababu liko karibu na lina maji. Nesi wa watoto hufanya hivyo. Mwalimu hufanya hivyo. Nawashukuru, kisha kikombe nakiweka chini ya kabati pamoja na vya wageni, hakichanganywi na vyetu.

Wewe ulivuka lile la plastiki ukaosha kwenye la chuma. Na mikono ukaifutia koti lako, hukugusa kitambaa cha vyombo.

Siku ile nilifikiri ni bahati. Kikombe chako nikakiweka chini na vya wengine kwa mazoea.

Halafu nikatoa barua yako. "Marehemu baba yenu." Halmashauri waliandika jina lake lote na tarehe ya kuzaliwa. Hospitali waliliandika. Kanisa, tuliowaomba wasilitaje, walilitaja mara tisa. Wewe peke yako, mwenye fomu zote mezani, hukuliandika hata mara moja. Na ile kamba! Ni nani aliyekufundisha kwamba watu wetu hawatupi kitu jalalani bila mmoja wetu kukiokota?

Ulijua. Ulipofika ukaona majivu kule shambani hukuuliza ni ya nini, kwa sababu ulijua ni ya nini. Gorja angekosea kwa ujinga, na ujinga nimeuzoea, naula kila siku na mkate. Wewe hukukosea. Uliandika "moto" kwa mkono wako huku unajua ni mazishi.

Mtu gani anafanya hivyo? Nijibu. Wewe ni nani?

Mizelli Penfold


Ofisi ya Probesheni
Kumb. Na. PR/LP/0447
6 Aprili 2023

Bi. M. Penfold,

Barua yako ya tarehe 30 Machi imepokewa. Masuala binafsi ya watumishi wa ofisi hii hayajadiliwi na familia za wateja.

Shauri la ndugu yako litasikilizwa na Bodi ya Parole tarehe 7 Juni.

D. Harcourt


Gerezani
9 Juni 2023

Dada Mizelli

Hii ni mimi. Mimi mwenyewe. Anwar yuko pembeni ananikatalia kunisaidia. Anasema miezi miwili ya kunifundisha inatosha, andika. Kwa hiyo sentensi zangu ni fupi. Zisamehe.

Kwanza nesi. Alikuja tarehe 4 Aprili. Wawili walikuja. Kuna mtu alipiga simu mara tano siku moja, akisema ni wa ofisi ya probesheni na hataacha kupiga mpaka waje. Sijui nani. Nilidhani wewe, lakini wewe hawakupokei.

Nesi alisoma jalada. Nikajua yatakuwa yaleyale. Akasema, "Umeandikwa ulichoma karavani." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ilikuwa ya nani?" Nikasema ya baba. Akafunga jalada. Halafu akasema, "Ilikuwaje, kuichoma?" Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliuliza kwa nini. Nikamweleza pazia lilivyoanza, na dirisha lilivyopasuka, na kofia yake nilivyosahau kuitoa ndani nikafurahi nilivyosahau. Nililia kama mtoto. Amekuja kila wiki tangu siku hiyo. Nakula sasa. Hii si ya kukudanganya. Muulize Anwar, anaangalia begani.

Sasa bodi. Watu watatu, kwenye skrini. Na yule Harcourt wako kwenye skrini nyingine. Mwenyekiti akasoma moto, moto, moto. Akamuuliza Harcourt, "Wewe ndiye uliyejaza?" Akasema ndiyo. Akamuuliza, "Una la kuongeza?" Akaisukuma fomu pembeni. Halafu akasema, "Ule haukuwa uhalifu. Ni desturi ya maziko. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika." Mwenyekiti akamuuliza umejuaje. Akasema, "Kwa sababu mimi ni mmoja wao."

Kisha akataja jina lake. Darklis. Darklis Lock, kabla ya kuolewa. Dada, nusura nianguke kitini. Lock wa kule kwenye mashamba ya hops za kupikia bia! Baba alikuwa akinunua farasi kwao.

Sijui nimchukie au nini. Wewe utajua. Wewe hujua mapema kuliko mimi.

Majibu ni wiki mbili.

Leander
(nimelisaini mwenyewe)


14 Juni 2023

Mizelli,

Karatasi hii si ya ofisi, na stempu nimenunua mwenyewe. Uliniuliza mimi ni nani. Nimechukua wiki kumi na moja kukujibu, na sina sababu nzuri ya kuchelewa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja walipochoma karavani ya bibi yangu. Kodiani yake niliitupa motoni mimi, na nakumbuka ilivyopumua mara ya mwisho ikiwa inaungua. Nilipofika miaka kumi na tisa niliolewa na gorja, nikahamia nyumba ya matofali, nikabaki na herufi moja ya jina langu. Kazini hakuna aliyejua. Kila majira ya kuchipua makaravani yakisimama karibu na bustani ya mji, wenzangu huandikiana, "Ficheni mashine za kukatia majani, wamefika." Nilicheka nao. Miaka ishirini na miwili nimecheka.

Kwenye fomu kuna kisanduku. Kinauliza: Je, amewahi kuwasha moto kwa makusudi? Ndiyo au Hapana. Chini yake kuna mstari mmoja mtupu wa maelezo. Niliuacha mtupu. Ningeujaza, mkuu wangu angeniuliza nimejuaje. Ni hilo tu, Mizelli. Ndugu yako aliwekwa ndani kwa sababu niliogopa swali.

Baada ya bodi mkuu aliniita. Hakuwa na hasira kwa niliyomfanyia Leander. Alikuwa na hasira kwa sababu sikutamka mapema kwamba nina "mgongano wa maslahi". Nimeondolewa kwenye shauri lake na lolote lingine la watu wetu. Wamenipa kazi ya kupanga ratiba. Jana kwenye jokofu la ofisi mtu alibandika karatasi: "Hesabuni vijiko." Sikucheka. Niliibandua, nikasimama katikati ya ofisi, nikauliza kwa sauti ni ya nani. Nimekasirika mpaka meno yananiuma, na nusu ya hasira ni juu yangu mwenyewe.

Lipo lingine, nalo ni baya zaidi. Kabla hawajanifungia mafaili nilirudi kwenye ya zamani. Nilitafuta mwandiko wangu kwenye kisanduku kile. Mbali na Leander kuna wawili. Mmoja alihamia kaskazini. Mwingine alikuwa wa Mill Lane, 2019, miaka ishirini na sita, gari la marehemu babu yake lilichomwa. Kliniki walimkataa kwa alama yangu. Unajua kilichomfika.

Ulipoandika habari za namba kumi na moja, Machi, nilijua unaongea juu ya nani. Niliisoma barua yako, nikaiweka kwenye jalada, nikaenda kula chakula cha mchana.

Siombi unisamehe.

Darklis Harcourt, binti Lock


Mill Lane, Na. 6
2 Agosti 2023

Darklis,

Leander yupo nyumbani tangu tarehe 30 Juni. Jioni hii yuko nje anamwandikia Anwar, ulimi umemtoka kwa kujitahidi, na akikwama neno anamuuliza mwanawe wa miaka sita, naye mtoto anajidai kweli. Bodi wamefuta alama ya moto. Kliniki wamesema sasa wanaweza kumpokea, ila jina lake limeanza foleni upya, mwishoni, miezi mitano. Nilipowauliza kwa nini asirudishwe nafasi yake ya Novemba, wakaniwekea muziki. Yule nesi wa gerezani haruhusiwi kumfuata huku nje. Kwa hiyo mtu alipata msaada akiwa amefungwa, na amefunguliwa ili aukose. Andika hiyo kwenye mstari wako mtupu.

Analala kidogo. Jumanne alikaa bandani muda mrefu. Sinfi alimfuata, akakuta anapiga farasi brashi tu. Ndivyo tunavyoishi, tunachungulia.

Hujaomba msamaha, na umefanya vizuri, maana nisingekupa. Najua ulipiga zile simu tano. Nimezihesabu kwa upande wako. Najua kilichokugharimu kulitaja jina lako mbele ya wale watu, na kuhusu hao wenzako na vijiko vyao, ningekuwepo ningewarushia jokofu. Wakikubandikia tena, niite. Sisemi utani.

Lakini kijana wa 2019 nilimjua. Alinifungia tairi la gari siku mvua inanyesha, akakataa hata chai. Jina lake silitaji. Gari la babu yake tulilichoma wote, uwanja mzima, na watoto walikuwepo. Miaka minne mama yake amejiuliza alimkosea wapi. Ameniambia kwa mdomo wake kwamba labda alimkaripia sana. Labda asingemruhusu kunywa. Labda angempeleka kanisani. Miaka minne yule mama anajitafuna, na jibu liko kwenye jalada lako, mwandiko wako, kisanduku kimoja.

Usimwandikie. Hajui kusoma, na sitamsomea mimi. Mimi kazi ya kukusomea barua zako nimeacha.

Njoo. Vaa lile koti la kijivu. Pita langoni mchana, kila mtu akuone, useme mbele ya lango wewe ni binti wa nani. Kisha nenda namba kumi na moja, ukae mbele ya yule mama, umwambie ni wewe. Asipokupa chai, usishangae. Akikufukuza, ondoka. Akikupiga, sisi hatutaita polisi.

Kikombe chako bado kipo chini ya kabati pamoja na vya wageni. Tangu Januari sijakigusa. Nilipojua wewe ni nani nilitaka kukivunja, nyundo nikaishika kabisa, kisha nikairudisha, kwa sababu vyombo tunavyovunja ni vya waliokufa, na wewe uko hai, mzima, una miguu.

Ukitoka namba kumi na moja, kama miguu bado inakubeba, pita kwangu. Kabati halina ufunguo. Utakitoa mwenyewe.

Mizelli